Rangi Isiyobanduka

Nina kisteshenari changu pale Majengo, Dodoma. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na siku Mungu akipenda natengeneza mabango. Ubunifu sikuusomea popote, nilijifunza kwa kubofyabofya.

Siku hiyo akaja mzee mmoja, anafungua duka la rangi Nkuhungu. "Kijana, nataka bango la mita nne. Liandikwe RANGI BORA HAIBANDUKI. Maandishi yawe na heshima, yasifanane na ya kinyozi."

Heshima! Nikakimbilia Papyrus. Hii ni fonti, yaani mtindo wa herufi, aliyoichora Mmarekani Chris Costello mwaka 1982, kwa mkono, kalamu ya kaligrafia juu ya karatasi yenye mikwaruzo, miezi sita. Alitaka herufi zionekane kama za miaka 2,000 iliyopita. Kwa kadi ya harusi au chupa ya mvinyo wa zabibu zetu, inakaa vizuri tu. Mimi niliipenda kwa sababu ilikuwa tayari ndani ya kompyuta.

Nikamrushia picha WhatsApp. Akajibu "Safi sana" na dole gumba tatu.

Sasa, kingo za herufi zile zimekwaruzwa makusudi. Kwenye kioo cha simu huoni kitu. Zivute mpaka herufi moja ifikie kimo cha mbuzi, ndipo utajua.

Siku ya ufunguzi bango likapandishwa. Watu kimya. B imeliwa tumbo, R imemeguka mguu, na lile neno HAIBANDUKI limebanduka kuanzia H mpaka I. Mama muuza karanga akauliza, "Ndiyo rangi yenyewe hii, au mmeazima kwa jirani?" Fundi rangi mmoja akapanda ngazi, akakwangua N kwa ukucha, akashuka anatikisa kichwa: "Hapa hamkupiga msasa."

"Kijana, njoo hapa."

"Mzee, shikamoo. Huo ni mtindo. Ni maandishi ya kale, kama ya miaka elfu mbili..."

"Elfu mbili? Duka nimefungua leo saa tatu asubuhi! Na rangi yangu nawapa watu dhamana ya miaka mitano!"

Nikakabidhiwa brashi ya inchi moja na kopo la rangi ya maji kutoka dukani kwake, nizibe. Jua la Dodoma utosini, vumbi machoni, nashona ufa mmoja mmoja kama fundi viatu, na chini watoto wananielekeza: "Anko, umeruka hapo kwenye K!" Saa tisa nilimaliza. Herufi zimenona, zinang'aa. Mzee akatabasamu, hata soda akaninunulia.

Ila bango lenyewe ni la plastiki, na rangi ya maji na plastiki hawajawahi kuelewana. Jioni upepo ulipoanza kulipepea, kipande cha kwanza kikadondoka taratibu, kikatua ndani ya sinia la karanga.

Mama akakiokota, akakigeuza, akamtazama mzee. Mzee akanitazama mimi. Mimi nikatazama soda.