Minyororo ya Theluji Ufukweni Mambrui

Mjomba wangu aliporudi kutoka Italia, lile begi lake kubwa lilitaka watu wawili kulishusha. Tuliokwenda kumpokea tulishagawana vilivyomo kwa macho. Mama alisema ni sufuria, mdogo wangu akaapa ni spika. Lilipofunguliwa sebuleni tukakuta jozi ya minyororo ya chuma, ile ya kuvishwa tairi wakati wa theluji, imeviringishwa kwa taulo.

"Mjomba, theluji Malindi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Nimenunua kwa pesa yangu. Nimwachie nani?"

Haki yake tumpe, theluji anaijua. Miaka mingi amepeleka mikate kwa gari dogo huko milima ya Bolzano, anapanda kwenye mahoteli alfajiri watu wamelala. Sisi wa Malindi Waitaliano tumewazoea, hata vijana wa ufukweni wanapatana nao bei kwa Kiitaliano, lakini wao hutujia na kaptura. Baridi wameiacha kwao. Mjomba ndiye aliyeifuata huko huko.

Kaa naye barazani kahawa ikizunguka, atakupa darasa. Unatoka bondeni jua linawaka, unafika Brennero, kipito cha mlimani mpakani na Austria, mita 1,370 hivi juu ya bahari, theluji inamwagika huoni hata boneti yako. Barabara unaiona imelowa tu, kumbe ni barafu nyembamba isiyo na rangi. Daraja huganda kabla ya barabara, maana baridi hulipiga juu na chini. Kuondoka, weka gia ya pili. Breki usiikanyage kwa hasira. Kwenye mteremko, iachie injini ikuzuie. Na sheria ya huko kwenye barabara nyingi ni kwamba kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 15 lazima uwe na tairi za baridi, au minyororo ndani ya gari.

Sheria hiyo mjomba aliendelea kuitii hapa hapa. Ikifika Novemba 15, minyororo inaingia kwenye buti ya probox yangu. Kila tuta, kengele. Abiria wananiuliza nimebeba mfungwa?

Sasa, Januari, kaskazi inavuma na jua la utosi, tukawa na harusi Mambrui. Mimi na mjomba tukapewa sufuria ya pilau na ndoo ya kachumbari. Tulipovuka daraja la Sabaki mjomba akaanza kunusanusa. Chakula kitachacha kwa joto hili, akasema, tupite ufukweni kuna upepo. Ukibishana na mjomba aliyevaa kanzu mpya, mama yako atapata habari kabla hujafika. Tukapita ufukweni.

Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu, tukaenda raha mustarehe. Shida ilikuwa kupanda kuelekea mjini, pale kwenye mchanga laini. Probox ikapiga hatua mbili, ikakaa.

Nikashuka nitoe upepo kwenye tairi na kutafuta makuti, kama afanyavyo kila mtu wa pwani hii. Mjomba alishafika kwenye buti.

"Leo!" akasema. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku aliyotua kutoka Ulaya.

"Mjomba, huu ni mchanga."

"Mchanga na theluji ni ndugu. Vyote vinateleza."

Akatoa glavu za sufi akavaa. Chuma cha baridi, akanieleza, hunasa ngozi ya mkono. Mimi sikuwa na glavu, na chuma hicho kilikuwa kimekaa kwenye buti iliyopigwa jua tangu asubuhi. Nilikishika nikakiachia nikiita jina la marehemu bibi yangu. Yeye na sufi yake hakusikia kitu.

Pete ya minyororo hupitishwa nyuma ya tairi, ikafungwa kwa juu, kisha mkufu mwekundu unavutwa mbele mpaka ukaze. Nyuma ya tairi palikuwa pamejaa mchanga. Nachimba kwa viganja, unamiminika. Nachimba tena, unarudi na wenzake. Mjomba amesimama juu yangu anaamuru: tairi za mbele hizo, ndizo zinazovuta! Piano, piano! Yaani polepole.

Tukamaliza, mvua ya jasho. "Songa mita chache," akasema, "tusimame tukaze tena. Ndiyo kanuni."

Nikakanyaga mafuta. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mnyororo hupata pa kung'ata. Pale haukupata, ukachimba kisima. Mchanga ukaruka ukaingia dirishani, ukaipaka kanzu ya mjomba kuanzia kola, na ile ndoo ya kachumbari tuliyokuwa tumeifunika kwa kanga tu. Gari likalalia tumbo.

Mjomba akatema mchanga. "Umeona inavyoshika?"

Kushika ilishika, ila kwenda chini.

Nyuma yetu bahari ilishaanza kurudi, na ilikuwa bamvua. Chini ya mivinje kulikuwa na wavuvi wanashona nyavu. Wakaja bila kuitwa, na makuti na mbao wameshabeba. Mzee wao akalizunguka gari, akagusa mnyororo.

"Mmelifunga lisiibiwe?"

Wakatoa upepo, wakachimba, wakatandika makuti. Mnyororo wa kushoto ukagoma kufunguka, mchanga umejaa kwenye kufuli yake. Tukasukuma hivyo hivyo, harambee, maji yanalamba ekzosi. Gari likachomoka, mnyororo nao ukachomoka na madigadi.

Pesa walikataa. Wakauliza tu ile sufuria inakwenda wapi, kisha wakapanda.

Kwenye sinia, kachumbari ikitafunwa kwa kelele, mjomba alikuwa anawasimulia Brennero. Mzee akamkatiza: "Hiyo theluji inajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi?"

"Haina saa. Asubuhi jua, adhuhuri imekufunika."

"Basi hata mvuvi wa huko atalala njaa," mzee akasema, akivuta nyama upande wake. "Sisi maji yetu yana saa. Tuliwaona mkiingia ufukweni, nikawaambia vijana wasipike, chakula cha mchana hicho kinakuja."