Oksijeni ya safari ihesabiwe kutoka kitanda hadi kitanda

Wengi walioko nyumbani wanaamini kwamba mgonjwa wa mapafu akiwa ughaibuni, kupanda ndege na oksijeni ni jambo la kukata tiketi tu. Sheria ipo, mashine ipo, madaktari wapo. Hayo ni kweli, ila yanaishia mlangoni mwa ndege. Sheria za huku ughaibuni ninakoishi zinalinda kiti chako angani. Saa za kusubiri uwanjani, ndege ya kuunganisha na usiku wa kwanza baada ya kufika ni mzigo wa msafiri mwenyewe. Nyumbani nako kuna kosa la upande wa pili: watu hawahesabu kabisa, wanaficha ugonjwa ili shirika la ndege lisiwakatalie.

Tuanze na kinachotokea angani. Hewa ya ndani ya ndege hushindiliwa, lakini haifikishwi kiwango cha usawa wa bahari. Inaruhusiwa kuwa kama ya mlima wa hadi futi 8,000, karibu mita 2,400. Kwa mapafu, hiyo ni sawa na kukaa pwani ukivuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21. Oksijeni ya damu ya mwenye afya, ile inayosomwa na kipimo cha kidoleni, hushuka hadi asilimia 90 na kitu na wala hasikii lolote. Mwenye COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa mapafuni) au makovu ya mapafu, aliyeanza safari akiwa na 93, anaweza kushuka chini ya 85 akiwa amekaa tu, na akisimama kwenda chooni anashuka zaidi.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko ya mashine. Kwenye hospitali kubwa za huku, mgonjwa wa aina hiyo hupimwa kabla ya safari: anavutishwa hewa yenye oksijeni asilimia 15 kwa dakika 20 huku damu yake ikifuatiliwa. Akishuka chini ya asilimia 85, au shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri likasoma chini ya kilopaskali 6.6, anaandikiwa oksijeni ya ndegeni, kwa kawaida lita 2 kwa dakika. Anayetumia oksijeni kila siku huongezewa juu ya kiwango chake. Nyumbani, mara nyingi kinachotumika ni kile kipimo cha kidoleni: mgonjwa amekaa, kinasoma 94, anaandikiwa barua kwamba anaweza kusafiri. Namba hiyo ya kukaa haitabiri vizuri kitakachotokea juu. Pasipo na kipimo cha asilimia 15, angalau daktari amtembeze mgonjwa dakika 6 na aangalie anashuka hadi wapi. Na nyongeza ya oksijeni iamuliwe na daktari, isikisiwe na ndugu, kwa sababu wapo wagonjwa wa COPD ambao oksijeni ikizidi, hewa chafu hujaa kwenye damu. Hao hulengwa 88 hadi 92, si 98. Mwenye mapafu yaliyotoboka na kuvuja hewa kifuani asipande kabisa hadi picha ionyeshe yamepona, kisha asubiri walau siku 7, maana hewa iliyobanwa mwilini hutanuka kwa karibu theluthi ndege ikiwa juu.

Sasa sheria. Tangu 2009 Marekani inayalazimisha mashirika, pamoja na ya kigeni yanayoruka kuingia na kutoka huko, yakubali konsentreta ndogo za kubebeka zilizoidhinishwa, yaani mashine zinazochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida. Ulaya ina kanuni namba 1107/2006 inayomlinda abiria mwenye ulemavu, na taarifa ya kuhitaji msaada hutolewa saa 48 kabla. Nazisifu kwa dhati. Lakini sheria ya Marekani hailazimishi shirika kukupa oksijeni, na wakati huohuo huruhusiwi kupanda na mtungi wako. Mashirika mengine duniani hukubali mtungi mdogo usiozidi kilo 5 kwa kibali, mengine hukuuzia oksijeni yao, na oksijeni ya kimiminika haipandi popote. Kwa maoni yangu, kukataza mtungi wa mgonjwa bila kulazimisha mbadala ni kumwachia asiye na uwezo wa kununua mashine abaki chini. Barakoa za njano zinazodondoka kutoka dari si jibu: ni za dharura, na huisha kwa takribani dakika 12 hadi 22.

Mwenye konsentreta aanze kwa kutafuta ubavuni maandishi mekundu yanayosema imekidhi masharti ya mamlaka ya anga ya Marekani. Yakikosekana, atabishana kaunta hadi ndege iondoke. Kisha aelewe kwamba namba 2 kwenye mashine inayotoa oksijeni kwa mikupuo si lita 2 kwa dakika. Mashine hiyo husubiri uvute pumzi ndipo itoe, na kila kampuni ina kipimo chake. Ukilala mdomo wazi, au ukivuta kidogo kidogo, inaweza isikuhisi. Italia kengele na wewe umekosa hewa. Ijaribu ukiwa umelala, nyumbani kwako, usiku mzima na kipimo kidoleni, wiki kadhaa kabla ya safari.

Betri ndizo huharibu safari nyingi. Mashirika hudai zitoshe asilimia 150 ya muda wa kuruka: safari ya saa 9, betri za saa 13 na nusu. Watu hupiga hesabu hiyo kwa namba wanayotumia nyumbani, wakisahau kwamba angani wanapandisha. Betri inayodumu saa 5 kwenye namba 2 inaweza isifike saa 3 kwenye namba 4. Kwa saa 3 kila moja, safari hiyo inataka betri 5, na bado hujagusa saa za kukaguliwa, kusubiri, kuchelewa na foleni ya uhamiaji. Usitegemee soketi ya kiti. Nyingine hazina nguvu ya kutosha na wahudumu wanaweza kuzizima. Betri za akiba ziwe mkononi, kamwe zisiwe kwenye begi la chini, na ncha zake zifunikwe kwa utepe wa gundi zisigusane. Betri za hadi wati-saa 100 kila moja (kipimo cha umeme unaoingia ndani yake) hazina shida. Kati ya 100 na 160 zinahitaji kibali, na za akiba ni mbili tu.

Ukinunua oksijeni ya shirika, uliza swali moja: kwenye kuunganisha ndege nani ananipa? Kwa kawaida hakuna. Na uangalie unaunganisha wapi. Uwanja wa Addis Ababa uko mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari, na wa Bogotá zaidi ya 2,500. Saa 4 za kusubiri huko hazipumzishi mapafu; ni kama hujashuka ndegeni.

Sehemu ya mwisho ndiyo watu wa ughaibuni tunaisahau, kwa kuwa huku tunaletewa vifaa mlangoni. Konsentreta kubwa ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde). Ukiichomeka kwenye volti 240 inaungua. Ukiweka transfoma, volti zinashuka lakini hezi zinabaki 50, mota inazunguka polepole na oksijeni inatoka hafifu. Nunua au ukodi mashine ya umeme wa unakoenda. Mtungi wa akiba uwepo siku ya kufika, na regyuleta yake, kifaa cha kupunguza presha ya oksijeni inayotoka, ijaribiwe mapema: regyuleta ya kubana yenye pini mbili haiingii kwenye mtungi mkubwa wa kukazwa kwa thredi, hata mkiilazimisha kwa spana. Isipakwe mafuta wala grisi, kwa sababu kwenye oksijeni safi hushika moto. Rangi nayo hupotosha: Marekani mtungi wa oksijeni ni wa kijani, kwingine ni mweusi wenye mabega meupe. Someni maandishi. Mtungi wa lita 6,800 kwa lita 2 kwa dakika hudumu saa 56, nanyi panga kama ni 50.

Fomu ya afya ya shirika la ndege ijazwe pia kwa ajili ya kurudi. Mgonjwa aliyepata maambukizi ya kifua akiwa likizo si yule aliyepimwa kabla ya kuondoka, kwa hiyo daktari wa huko amwone upya, na shirika lipewe taarifa mpya ya kiwango cha lita saa 48 kabla ya ndege.