Ukubwa wa Kitabu Ulikuwa Siasa

Desemba 1792, Mwanasheria Mkuu wa Uingereza alisimama mahakamani London kumshtaki mwandishi wa siasa Thomas Paine, ambaye wakati huo alikuwa ameshakimbilia Ufaransa. Kesi ilihusu sehemu ya pili ya Rights of Man, kitabu chake cha kutetea haki za watu na kushambulia ufalme. Mwanasheria huyo alieleza mwenyewe kwa nini sehemu ya kwanza ilimpita bila kuishtaki: alidhani itaishia kwa wasomaji wenye busara, watakaojua kuipima na kuikataa. Hii ya pili, alilalamika, ilikuwa imetupwa mikononi mwa watu wa kila aina, kwa kila umbo na kila ukubwa, hata pipi za watoto zikawa zinafungwa kwa kurasa zake. Paine akapatikana na hatia.

Miezi michache baadaye, mwaka 1793, mwanafalsafa William Godwin akatoa kitabu kilichohoji uhalali wa serikali yenyewe. Ukipima hoja kwa hoja, Godwin alikwenda mbali kuliko Paine. Lakini chake kilitoka katika juzuu mbili pana, kwa bei ya pauni 1 na shilingi 16, na hakuna aliyemfikisha mahakamani. Matoleo nafuu ya Paine yaliuzwa peni 6, yaani nusu shilingi.

Mimi naamini tofauti hiyo ndiyo mlango wa kuingilia historia nzima ya vitabu vya Uingereza katika karne ya 18. Tumezoea kuuliza nani aliandika nini. Swali lililowasumbua watawala na wauza vitabu wa siku zile lilikuwa jingine: kimekunjwa mara ngapi, na kinauzwa bei gani?

Nasema kukunjwa kwa maana yake hasa. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono kutokana na matambara, moja baada ya nyingine, na kitabu kilianza na karatasi kubwa nzima kama ilivyotoka kwa fundi. Chukua karatasi ya gazeti uifuatilie nami. Ikunje mara moja: una majani mawili, kurasa nne. Hiyo ni folio. Ikunje tena: majani manne, kurasa nane, kwarto. Mara ya tatu unapata oktavo, majani manane yenye kurasa 16. Duodesimo ilihitaji mkunjo wa namna yake, ikatoa majani 12 na kurasa 24, na kitabu chake kiliingia mfukoni. Sasa fungua gazeti lako ulitandaze, uone kurasa zilivyokaa: nyingine miguu juu kichwa chini, ya kwanza haipo karibu na ya pili. Mpanga herufi alilazimika kuzipanga hivyo hivyo, tena kwa herufi za risasi zilizogeuzwa kama kwenye kioo, ili karatasi ikishakunjwa kila ukurasa uangukie mahali pake. Kwenye mtambo walisimama watu wawili, mmoja akipaka wino kwa mipira ya ngozi na mwingine akivuta mkono wa mtambo, karatasi baada ya karatasi. Kisha zilianikwa juu ya kamba zikauke.

Karatasi ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya gharama. Kwa hiyo pambizo pana na herufi kubwa zilikuwa anasa inayoonekana kwa macho, na kubana maneno kwenye ukurasa mdogo ilikuwa njia ya kushusha bei.

Tazama kamusi ya Samuel Johnson. Ilitoka Aprili 1755 katika juzuu mbili za folio, kwa pauni 4 na shilingi 10. Fundi stadi wa London alipata kama shilingi 15 hadi 20 kwa wiki, na pauni ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo kamusi hiyo ilikuwa mshahara wake wa zaidi ya mwezi mzima bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Wauza vitabu hawakulala. Toleo la pili walilikata vipande wakaliuza kila wiki kwa peni 6, vipande 165 kwa jumla, ili mtu alipe kidogo kidogo. Mwaka 1756 likatoka toleo fupi la oktavo, juzuu mbili kwa shilingi 10. Nukuu za washairi na wanazuoni, zile alizozikusanya kwa miaka, ziliondolewa. Wapenzi wa Johnson husikitika wakifika hapo. Mimi sisikitiki. Hiyo ndogo ndiyo iliyonunuliwa zaidi na kuingia katika nyumba za watu, na jina la Johnson lilipokuwa likitajwa mezani, wengi walikuwa na oktavo akilini.

Mshairi Alexander Pope alikuwa ameicheza karata hiyo mapema, tena kwa ustadi. Tafsiri yake ya Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, juzuu 6 kati ya 1715 na 1720, aliiuza kwa watu waliojiandikisha na kulipa mapema, gini moja (shilingi 21) kwa kila juzuu, nao wakapewa kwarto nzuri ambayo wengine hawangeipata. Kujiandikisha kulikuwa heshima: majina ya wanunuzi yalichapishwa ndani, na kila mtu aliangalia kama jirani yake yumo. Pope akatajirika. Lakini wachapaji wa Uholanzi wakaichapa Iliad hiyo hiyo kwa duodesimo na ikapenyezwa Uingereza kwa magendo. Mchapishaji wake, Bernard Lintot, hakuwa na njia nyingine ila kutoa duodesimo yake mwenyewe. Hapo unaona bidhaa ndogo ikiilazimisha kubwa ishuke kwenye kiti.

Kilichozuia vitabu vidogo na nafuu kwa muda mrefu kilikuwa umiliki. Sheria ya mwaka 1710 ilitoa hakimiliki ya miaka 14, na mingine 14 kama mwandishi bado yu hai. Vitabu vya zamani vilipewa 21. Wauza vitabu wakubwa wa London wakaendelea kudai kwamba haki yao haina mwisho, wakarithishana na kuuziana washairi waliokufa zamani kama mashamba. Alexander Donaldson, muuza vitabu Mskoti wa Edinburgh, akawapinga kwa vitendo: alifungua duka London kwenyewe akauza matoleo nafuu. Wakamshtaki. Februari 1774 Bunge la Malodi, lililokuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa, likaamua kwamba hakimiliki ina mwisho. Kwangu mimi, hakuna siku katika karne ile iliyomfaa msomaji wa kawaida kuliko hiyo.

Matunda yake yalionekana haraka. Kuanzia 1777 mchapishaji John Bell alitoa mfululizo wa washairi wa Uingereza, juzuu 109 ndogondogo za kushika kwa mkono mmoja, shilingi 1 na peni 6 kila moja. Wakubwa wa London wakasema herufi zake ni ndogo mno, zinaumiza macho. Kisha wakakaa wakatengeneza mfululizo wao wa kushindana nao, wakamwajiri Johnson aandike utangulizi wa kila mshairi. Kazi yake kubwa kuhusu maisha ya washairi, iliyotoka kati ya 1779 na 1781, ilizaliwa katika vita hiyo ya biashara.

Anayenigusa kuliko wote ni Olaudah Equiano. Simulizi yake ya maisha, ya mtu aliyekuwa mtumwa akajinunulia uhuru, ilitoka London mwaka 1789 katika juzuu mbili ndogo. Alitumia njia ya Pope ya kuandikisha wanunuzi, akapata zaidi ya 300, Mwanamfalme wa Wales akiwa mmoja wao. Waandishi wengi waliuza hakimiliki yao kwa mchapishaji kwa fedha za mara moja. Equiano alikataa, aliishika mwenyewe. Baadaye akaifanya simulizi kuwa kitabu kimoja, akazunguka nacho Uingereza, Uskoti na Ireland akikiuza mji kwa mji na kuhutubia watu kuhusu biashara ya utumwa. Kufikia 1794 kilikuwa kimefika toleo la 9. Mtu aliyewahi kuwekewa bei na wengine alikuwa sasa anamiliki maneno yake, na faida inarudi kwake. Alipofariki mwaka 1797 aliacha mali ya kumfaa binti yake. Huwezi kufanya ziara ya namna ile na sanduku la folio.

Wapinzani wa mageuzi nao walilielewa somo. Mwaka 1795 mwandishi Hannah More alianza kutoa vijitabu vya kuwahimiza maskini wawe wacha Mungu na watulivu, kwa nusu peni hadi peni moja na nusu, vyenye picha za kuchonga kwenye mbao, vikifanana kabisa na hadithi za bei rahisi ambazo wachuuzi walitembeza vijijini. Matajiri walivinunua kwa wingi wakavigawa. Siyapendi mafundisho yake, lakini alijua anachofanya kuliko wengi wa upande wa pili: aliona kwamba Paine hajibiwi kwa kwarto.

Ndiyo maana nina ugomvi na namna tunavyosoma vitabu hivi leo. Maktaba zimevipiga picha kwa maelfu na kuvitandaza mtandaoni, jambo ninalolishukuru kila wiki, ila kwenye kioo cha simu folio ya Johnson na kijitabu cha More vina ukubwa uleule. Mwanafunzi anafungua viwili kwa pamoja na kudhani vilikuwa vikishindana kwenye rafu moja. Rula ikiwekwa pembeni wakati wa kupiga picha, tatizo linaisha. Hadi hapo watakapoiweka, tazama chini ya ukurasa, utaona herufi na namba ndogo: B, B2, B3. Ziliwekwa kumwongoza fundi wa kujalidi. Hesabu majani mpaka herufi ibadilike kuwa C. Yakiwa manane, mara nyingi umeshika oktavo. Yakiwa 12, duodesimo. Usishangae kukosa J, U na W, maana wachapaji walitumia alfabeti ya zamani yenye herufi 23. Ukishajua, tafuta bei, ambayo mara nyingi iliandikwa palepale kwenye ukurasa wa jina, kisha ndipo uanze kusoma.