Kitambi na Vitamini D: Nani Anamvuta Mwenzake?

Shemeji yangu alirudi kutoka maabara na karatasi mbili. Ya kwanza haikumshtua: kiuno sentimita 108, presha 142 kwa 90, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.3. Ya pili ndiyo iliyomtoa jasho. Vitamini D, nanogramu 14 kwa mililita, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: upungufu. "Shem, mimi mtu wa Tanga, naendesha basi mchana kutwa. Nipungukiwe vitamini ya jua?" Akanionyesha mkono wake wa kulia, ule wa upande wa dirisha, mweusi kuliko wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kopo la vidonge.

Karatasi aliyoipuuza ndiyo nzito. Madaktari huangalia mambo matano: kiuno, presha, sukari, mafuta ya trigliseridi yaliyopanda na lehemu nzuri iliyoshuka. Ukikutwa na matatu, una sindromu ya kimetaboliki, njia ya mkato ya kuelekea kisukari na maradhi ya moyo. Kwamba wenye hali hiyo mara nyingi huwa na vitamini D ya chini, hilo halina ubishi. Ubishi ni nani alianza.

Wapo wanaosema upungufu ndio chanzo. Hoja yao si ya kubeza: seli za kongosho zinazotoa insulini zina vipokezi vya vitamini D, na tafiti nyingi zimeona kwamba wenye kiwango cha chini hupata kisukari zaidi. Lakini tafiti za namna hiyo zinapima vitu viwili vinavyotembea pamoja. Anayeshinda ndani amekaa hupata kitambi, na hapohapo hukosa jua.

Upande wa pili unasema ni mwili mnene unaoishusha vitamini, na kwangu mimi ushahidi wao una uzito zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaanika watu wanene na wembamba kwenye mionzi ileile ya taa. Vitamini D katika damu ya wanene ilipanda kwa asilimia 57 pungufu ya wenzao, ingawa ngozi zao zilikuwa na malighafi ileile. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta yakiwa mengi inatawanyika humo. Kijiko cha sukari kinachokoleza kikombe cha chai hakiwezi kukoleza sufuria. Mwaka 2013 uchunguzi wa vinasaba ukaongeza jambo: vinasaba vya unene vinaishusha vitamini D, ila vinasaba vinavyoishusha vitamini D havimnenepeshi mtu.

Mafuta hayako peke yake. Vitamini D lazima ipite kwenye ini ibadilishwe, na ini la mwenye kitambi mara nyingi limejaa mafuta. Uvimbe wa ndani kwa ndani, ule wa mwili kujihami na si wa kinyama, nao hushusha kiwango kinachosomeka kwenye damu.

Na jua? Wamasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania, matokeo yakachapishwa 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, yaani kama nanogramu 46 kwa mililita. Ngozi nyeusi hiyohiyo, ila maisha ya nje. Kinyume chake ni Oman na nchi za Ghuba: jua kali la kutisha, lakini watu wamelikimbia kwa kiyoyozi na nguo ndefu, na upungufu umejaa. Basi la shemeji lina kiyoyozi pia, vioo juu safari nzima. Kioo huzuia ule mnururisho unaotengeneza vitamini D na kuruhusu ule unaobabua ngozi. Mkono wake umeungua bure. (Hata jua la asubuhi tunalosifia sana halina nguvu ya kutosha, kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inatengeneza kidogo mno.)

Sasa vidonge. Jaribio kubwa la Marekani lililotoka 2019 liliwapa watu 2,423 waliokaribia kisukari ama yuniti 4,000 kwa siku ama kidonge kitupu. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, waliomeza vitamini walipata kisukari kwa asilimia 12 pungufu, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu. Majaribio matatu yalipounganishwa 2023, punguzo likawa asilimia 15. Si muujiza, si sifuri pia. Ndiyo maana mwongozo wa 2024 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani unapendekeza vitamini D kwa walio karibu na kisukari, na papo hapo haupendekezi kupima kiwango chake kwa kila mtu, hata akiwa mnene.

Kwa hiyo shemeji, ambaye sukari yake ya 6.3 inamweka karibu na kisukari, huenda alistahili vidonge na hakuhitaji kipimo alicholipia ghali. Asichoruhusiwa ni kumeza ovyo. Ikizidi, vitamini D hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo, na za mwenye presha na sukari hazihitaji mzigo mwingine.

Tukalisoma kopo pamoja. Yuniti 50,000, kidonge kimoja kwa wiki. Yeye alikuwa anameza kimoja kila siku baada ya chai, na ile ilikuwa siku ya nne.