Maana 645 za neno moja, nasi tukapiga makofi

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja ikarushwa klipu ya jamaa mmoja wa semina za kujitambua. Suti ya bluu, nyuma yake bango kubwa lenye picha yake mwenyewe. Anasema neno "run" (kukimbia) la Kiingereza lina maana 645, kisha anauliza ukumbi, "Kiswahili chenu kina nini?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kundini nako wakamwaga makofi, na mmoja wetu, tena mwalimu, akaandika, "Ndiyo maana lugha yetu haiwezi kufundishia sayansi."

Nilitaka kunyamaza. Nimeshindwa.

Hiyo 645 ni ya kweli, nakubali shingo upande. Ni hesabu ya kitenzi "run" katika kamusi kubwa ya Oxford, ile ambayo toleo lake la 1989 lilijaa juzuu 20. Enzi hizo aliyeongoza alikuwa "set", kwa maana 430 hivi. Walipoipitia upya, "run" ikampiku. Ila jamaa wa suti hakusema idadi hiyo imepatikanaje. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyo, alikaa na neno hilo miezi tisa. Miezi tisa, mshahara unaingia, kazi yake "run"! Mimba inatungwa, mtoto anazaliwa, yeye bado anatenganisha pua inayotiririka na basi linalofanya safari, duka linaloendeshwa na rangi ya kitambaa inayochuja, na mwanasiasa wa Marekani anayewania urais, maana wote hao kwa Kiingereza wana-"run". (Mwenzake wa Uingereza hakimbii, anasimama. Kwetu anagombea, na ukifika uchaguzi mnaona wenyewe kwa nini.) Humo zimo hata maana ambazo Mwingereza wa leo hazijui, kwa sababu kamusi ile haiziki maiti.

Sasa niambieni, nani Afrika Mashariki amewahi kulipwa miezi tisa akae na "piga"?

Mtu anaamka anapiga miayo, anapiga mswaki, anapiga pasi shati wakati mwenzake anapiga deki. Stendi wanapiga debe, mgambo wamepiga marufuku machinga, machinga wamepiga moyo konde na kurudi palepale. Jioni wengine wanapiga soga, wengine wanapiga maji, halafu wanapiga chuku. Maofisini kuna wapigaji, na hakuna Mtanzania anayedhani ni mabondia. Hapo hatujagusa kupigwa: na butwaa, na jua, na shoti, na muuza simu wa Kariakoo. Wala kupigania. Wala kupigiana. Na kupiga chafya kunampiga nani?

Mtunga kamusi ndiye anayeamua. Kupiga pasi na kupiga deki ni maana mbili, au ni moja tu, ya kufanya kazi kwa kifaa? Akigawa anapata mamia, akijumuisha anabaki na chache. Ile 645 imetoka kwa watu walioanza kukusanya maneno karne ya 19 na kumaliza toleo la kwanza mwaka 1928, na warithi wao hawajaacha hadi leo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka 1981. Jamaa anapima bajeti ya kamusi, anatuambia amepima lugha.

Kweli, vile vineno vyao vifupi vinafanya kazi ya punda, na kila aliyesoma Kiingereza shule za kata anajua vilivyomtesa kwenye mitihani. Sawa.

Lakini hili la sayansi, mwalimu wangu! Sayansi inataka neno lenye maana moja isiyoyumba. Daktari wa kunipasua tumbo akiagiza kifaa kwa neno lenye maana 645, mimi nashuka kitandani naondoka na gauni lao. Kama Kiswahili kina upungufu wa istilahi, tuzungumzie istilahi, na pesa za kuzitunga na kuzisambaza, na vitabu vya kidato cha kwanza. Hayo hayachekeshi ukumbi, najua.

Kwa hiyo apatikane mtu, apewe meza, chai na mshahara wa miezi tisa, aanze na "piga". Akimaliza ahamie "kula": kiapo, njama, rushwa, hasara, ujana, chumvi, bata. Namba zake zikitoka, huyo wa suti naye aje tumsikie.