Maji ya Dar hayana mwenyewe

Nyumba ninayopanga hapa Rotterdam, Uholanzi, iko mita kama sita chini ya usawa wa bahari. Nyumba ya mama yangu, Mabibo, Dar es Salaam, iko juu ya bahari mita nyingi tu. Mvua ikinyesha, mimi hulala pakavu, mama hukesha na ndoo. Miaka 11 nimeishi na jambo hili bila kulitazama vizuri, hadi Aprili 2024 niliporudi kumuuguza mama.

Yalikuwa masika yaliyokuja juu ya mvua za El Niño zilizoanza tangu vuli. Ardhi ilikuwa imekwisha kushiba. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchini walikuwa wamekufa kwa mafuriko na maporomoko ya mvua hizo. Habari hiyo niliisikia redioni, ndani ya daladala iliyosimama.

Dada yangu anauza vitenge katika duka la mtu Kariakoo. Kutoka kwa mama hadi pale ni kilomita nane hivi. Kiangazi hutoka saa kumi na mbili asubuhi, saa moja yuko dukani. Masika alikuwa akiamka saa tisa usiku. Siku ya kwanza nilimsindikiza kwa sababu sikuamini.

Kituoni watu wamejaa, viatu wamevitia kwenye mifuko ya nailoni. Daladala mbili zilipita zimejaa hadi mlangoni. Ya tatu tuliingia kwa kusukumwa. Nauli ilikuwa imepanda, na konda alisema wazi: asiyetaka ashuke. Sikuweza kumchukia. Gari lake linakufa springi na shokapu kwenye mashimo yale, na tajiri anataka hesabu yake jioni, mvua au jua. Kabla ya kufika daraja la Kigogo dereva akazima injini. Mbele yetu barabara ilikuwa imepotea chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Konda akapiga bodi: "Mwisho hapa!"

Watu walishuka kimya. Hakuna aliyedai nauli yake. Walikunja suruali, wakapandisha kanga, wakaanza kutembea, na ukimya ule uliniuma kuliko ambavyo ugomvi ungeniuma. Vijana walikuwa wakivusha watu kwa guta, wengine mgongoni, shilingi 1,000 kwa kichwa. Mama mmoja mjamzito alibebwa na vijana wawili waliofungamanisha mikono. Mtoto wa shule alivuka mwenyewe, begi kichwani. Maji yalitufika magotini, nayo yalikuwa na harufu ambayo kila aliyekulia uswahilini anaijua: mvua kubwa ikija, wapo wanaotapisha vyoo ili uchafu uende na maji. Dada alifika dukani saa tatu na nusu. Bosi alikuwa amekwisha kumkata nusu siku.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mama. Alikuwa na miadi ya kliniki saa mbili asubuhi. Tulikodi bajaji saa kumi na moja, dereva akatupitisha huku na huku, barabara ya Mandela, Tabata, Buguruni, kila alikodhania kuna upenyo. Tulifika saa saba mchana, daktari ameondoka. Mama alikaa kwenye benchi, akafuta tope la vidole vyake kwa ncha ya kanga, akaniambia, "Mwanangu, tutarudi wiki ijayo." Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeshindwa kusema neno.

Kuna kitu kimoja nilichokiona kwenye barabara ya mtaani kwetu ambacho hakijanitoka. Katikati ya njia, ndani ya maji, lilisimama tawi la mti lenye majani. Mgeni angedhani limeangushwa na upepo. Mtu wa Dar anajua maana yake: hapo chini kuna shimo, au chemba isiyo na mfuniko, usipite. Niliuliza nani ameliweka. Fundi viatu mwenye kibanda pembeni. Pikipiki ilikuwa imetumbukia pale jana yake, abiria akavunjika mkono, na yeye akaenda kukata tawi. Majani yakinyauka hukata jingine, ili madereva walione. Hakuna anayemlipa wala aliyemtuma. Mtaa mzima ulikuwa ukilindwa na mzee mmoja na panga lake.

Niliporudi Uholanzi niliwasimulia Watanzania wenzangu kwenye sherehe. Mmoja, mtu ninayemheshimu, akasema: tatizo ni watu wetu, wachafu, wanatupa taka mitaroni, ndiyo maana. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Nimekuwa nikilifikiria jibu lake tangu siku ile, na leo nataka kusema kwamba sikubaliani nalo. Taka mitaroni zipo, nimeziona, chupa na nailoni zimeshonana kama mkeka. Lakini watu wa Mabibo niliowaona mimi walikuwa wakifanya kazi kila siku: wanamwaga kifusi kwenye mashimo kwa pesa za kuchangishana, wanapanga viroba vya mchanga, wanavushana. Na mtu ambaye gari la taka halimfikii wiki tatu, taka zake ataziweka wapi? Wanachokosa ni mtu wa kuwajibika kwa maji.

Kwa hesabu za mvua, nchi hizi mbili haziko mbali. Dar es Salaam hupata milimita 1,100 hivi kwa mwaka, Uholanzi kama 850. Ni kweli yetu hushuka vingine. Huku ni manyunyu ya siku nzima, kule saa mbili tu zinatosha kujaza mto, na hiyo ni kazi ngumu zaidi kwa mtaro wowote. Hilo nalikubali kabisa. Lakini sehemu ninayoishi, maji hayawezi hata kutiririka kwenda baharini yenyewe, kwa kuwa bahari iko juu yetu. Kila tone lazima lipandishwe kwa pampu. Wangekuwa na visingizio vizuri kuliko sisi.

Walichonacho ni vyombo wanavyoviita waterschappen, bodi za maji, ambazo mizizi yake ni ya karne ya 13. Sasa ziko 21. Kazi yao ni maji na kuta za kuyazuia, basi. Zina kodi yao wenyewe, ninailipa kila mwaka, na zina uchaguzi wao. Machi 2023 mimi, mwenye pasipoti ya Tanzania, niliingia kwenye chumba cha kura nikachagua watu wa kusimamia mifereji. Siku hiyohiyo Waholanzi walikuwa wakichagua mabaraza ya mikoa, na huko sikuwa na haki ya kupiga kura. Kwa maji nilikuwa nayo, kwa sababu mafuriko hayaulizi uraia. Mfereji ulio nyuma ya nyumba yangu husafishwa majani na matope kabla ya majira ya baridi. Nikiona umeziba, najua simu ya kupiga, na anayeipokea hawezi kunielekeza kwa mwingine.

Wala hawakuzaliwa na akili hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kuta zao kusini-magharibi, wakafa watu 1,836. Baada ya hapo walijenga kwa zaidi ya miaka 40, hadi lango kubwa la Maeslantkering karibu na Rotterdam lilipokamilika 1997. Ninalisema hili kwa wenzangu wanaopenda kusema wazungu wametuzidi. Walizika watu wao, wakaamua kwamba maji lazima yawe na mwenye kuulizwa.

Sisi pia tumezika. Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walikufa kwa mafuriko Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Bonde hilo mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulikwisha lihesabu kuwa eneo la hatari kwa makazi, wakati jiji lina watu chini ya milioni moja. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na mchanga wake, unapokea mto Sinza na mto Ng'ombe, kila mwaka unajijaza zaidi, na njia kuu ya kuingia katikati ya jiji inaukata pale Jangwani. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale. Wazee wetu waliyapa maeneo majina kwa sababu: kule Msasani kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Mpunga haulimwi pakavu. Jina lilituambia, tukajenga.

Daraja jipya la Jangwani, lenye urefu wa mita 390, limeanza kujengwa chini ya mradi wa bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Uholanzi yenyewe imetia mkono. Nafurahi kwa dhati. Ila dada yangu hakukwama Jangwani. Alikwama kwa sababu ya mitaro midogo isiyo na jina, na mashimo. Na shimo halihitaji mkopo. Maji yakiingia kwenye ufa wa lami, udongo wa chini unalainika, gurudumu linaukamua tope nje, siku tatu baadaye kuna shimo, mwezi mmoja baadaye kuna handaki. Ufa huo ukizibwa Januari, kiangazi, ni kazi ya asubuhi moja. Kifusi kinachomwagwa Aprili kwenye maji husombwa kabla ya Mei. Kazi yote ya masika ni ya Januari na Februari, jua likiwa kali na hakuna mtu anayefikiria mvua.

Sitaki msomaji adhani naona huku ni peponi. Kwenye daladala ile iliyobanana, mama asiyenijua alichukua mfuko wangu akaupakata hadi tuliposhuka, na mtoto wa mwingine alilala mapajani mwa dada. Huku napanda treni na jirani yangu wa mlango wa pili, mwaka wa nne sasa, sijui jina lake. Nikianguka na baiskeli kwenye barafu, watu hunizunguka wakaendelea na safari. Ningeweza kuishi Dar kesho kwa ajili ya hilo peke yake. Lakini upendo wa abiria unatumika kubeba mzigo ambao mtaro wa mita moja ungeubeba, nao unachoka. Niliuona umechoka usoni mwa dada saa tatu usiku, akirudi, akijua saa tisa ataamka tena.

Najua Tanzania ina bodi za mabonde, na Msimbazi uko chini ya Bonde la Wami/Ruvu. Hizo husimamia mto na vibali vya kutumia maji. Mimi nazungumzia maji ya mvua ya mjini: barabara kuu ina wakala wake, ya mtaa ina wake, taka ni za halmashauri, na maji yanayopita kwenye vyote vitatu hayana mwenyewe. Ningelipa kodi ya mtaro kwa nyumba ya mama leo hii, na majirani wengi niliowauliza walisema wangelipa, kwa sharti moja: wajue nani wa kumuuliza.

Mwezi uliopita nilituma pesa. Dada na majirani wakaajiri vijana wanne, wakachimba mtaro wa mtaa wetu mita 60, wakatoa viroba vya matope na kuvikodia guta. Fundi viatu naye alikuwepo na panga lake. Jumapili dada alinipigia. Wamefika kwenye kalvati linalopita chini ya barabara kubwa, nalo limejaa mchanga hadi juu, na wamekatazwa kuligusa. Ameuliza ni la nani. Ofisi ya kwanza imemtuma ya pili, ya pili imemrudisha ya kwanza. Masika yanaanza Machi.