Mwenda wa Bayeke naye aandikiwe muziki ya orkestra

Bandugu ba Lubumbashi, naandika hii toka Bruxelles, na bengine bote pia musome. Hapa Ubelgiji kuko kintu kimoja chenye kinaniuma roho kila mara naenda konseri: hawa bantu banajua kuheshimu mupiga muziki pamoja na chombo chake. Muangalie Eugène Ysaÿe, mutoto wa Liège, alizaliwa 1858, akafa 1931. Alikuwa na violoni moja ya Guarneri, fundi wa Cremona kule Italia, ya mwaka 1740. Mu 1928 akaweka maandiko ndani ya tumbo ya ile violoni, kwamba ilikuwa rafiki yake mwaminifu wa maisha yote, na siku ya kumuzika bakaibeba juu ya muto mbele ya sanduku, sawa mutoto wa kwanza wa marehemu. Kisha hapo haikufungiwa mu kabati. Mupiga violoni Isaac Stern aliipiga miaka mingi, halafu Nippon Music Foundation ya Japani ikainunua, na kazi yao ni kuiazimisha bapiga violoni bakubwa, Sergey Khachatryan ameipiga. Mbao ni ileile Ysaÿe alikuwa anaegemeza kidevu.

Na haikuishia pale. Mu 1937 balianzisha konkuri, mashindano ya violoni, kwa jina yake, David Oistrakh akashinda, leo njo Concours Reine Elisabeth. Bale benye kufika finali banafungiwa juma nzima kule Waterloo, bila telefone, bila mwalimu, banapewa muziki mupya ya orkestra yenye mutunzi ameandika kwa ajili yao tu, banaifunza, kisha banaipiga mbele ya bantu. Maana yake kuko muntu analipwa kuandika kintu kipya. Heshima inatoka mu mufuko, si paka mu mudomo.

Sasa kwetu. Mwenda Jean Bosco, njo Mwenda wa Bayeke, mupiga gitare wetu, alizaliwa 1930 Bunkeya. Mu 1952 Hugh Tracey, muzungu mwenye alikuwa anarekodi muziki ya Afrika, akamukuta Jadotville, Likasi ya leo, akamurekodi wimbo yake "Masanga". Bidole bibili tu, gumba na cha shahada, lakini funga macho utaapa ni bantu babili banapiga, gumba inatembea chini na besi yake, kile kingine kinaimba juu na hakuna anayemungojea mwenzake. Mu 1969 alipiga mu festivali ya Newport, Marekani. Mu 1990 aksida ya motokari ikamuua kule Zambia. Kuko bazungu bamekaa chini bakaandika noti zake moja moja ili bajifunze. Na siye, mutoto wa Katuba, pale Lubumbashi, akikuuliza gitare ya Mwenda ataiona wapi, utamupeleka wapi?

Sisemi kwetu hakuna mapendo. Baba mukubwa wangu moja wa Kamalondo alikuwa anapiga ileile gitare ya Katanga, alipokufa kilio ilijaa mpaka barabarani, bantu balimuimbia nyimbo zake mpaka asubuhi, hata benye hakuwajua. Hiyo huku Bulaya hauioni, huku konseri ikiisha kila muntu anachukua kabuti yake anaenda. Ila kisha kilio gitare iliuzwa. Pale mukono wake ulikuwa unaegemea rangi ilikuwa imeisha kabisa, mbao inaonekana nyeupe, miaka yote ya kazi yake iko pale, na ikaenda kulipa deni ya sanduku. Familia siilaumu, sanduku lazima ilipwe. Lakini kama kungekuwa na muntu wa kuinunua na kuiazima kijana mwingine, deni ingeisha na gitare ingebaki. Bajapani balifanya paka hiyo, hakuna bucawi.

Kuko benye batasema orkestra ni mambo ya bazungu. Nakataa. Gitare pia haikuota Bunkeya, ilikuja, Mwenda akaifanya iseme Kiswahili. Na orkestra tuko nayo, Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Armand Diangienda, tangu 1994. Balianza na violoni kidogo, banapokezana, uzi ikikatika banaweka waya ya freni ya kinga, baiskeli, na mazoezi inaendelea. Bantu ba namna ile ndio batashindwa na Mwenda?

Matajiri ya shaba na kobalti, makuta, pesa, ya kulipia mpira iko, basi mulipe mutunzi Mukongomani aandike kazi ya orkestra, gitare ikae mbele, na ipigwe mara ya kwanza Likasi. Na mutunzi asianze na karatasi. Aende kwanza Likasi na Bunkeya, akae na bazee benye bangali banajua ile namna, aangalie gumba inavyotembea, arekodi kila kintu, juu bazee banapungua kila mwaka. Gitare ya ile konseri muiandike ni mali ya muji, muipe jina ya Mwenda, halafu muiazime kijana mwenye ataipiga muzuri kuliko bote, miaka miwili hivi, akiirudisha apewe mwingine.